Sufuria ya Nana Iliponyamaza

Maziwa yakiwa motoni siyatazami, nayasikiliza. Yakianza kupata moto huimba chini kwa chini, kisha huchangamka, kisha, kabla tu ya kumwagika, hunyamaza. Unyamavu ule ndio wa kuogopwa. Povu limekwisha kujaa na kufunika mchemko, na ukichelewa kidogo utakuwa na kazi ya kufuta jiko. Wajukuu zangu husema bibi ana masikio ya paka. Mimi huitua sufuria bila haraka, na kila mara, mpaka leo, puani hunijia harufu ya rihani iliyochemka, pamoja na hasira kidogo. Ni hasira ya zamani sana, lakini sijapata kuitupa, maana imenifaa.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba alikuwa amemwacha Mama na kuoa mke mwingine huko Vanga, na sisi wawili tukarudi Mombasa kwa Nana, mama yake Mama, katika nyumba ya ghorofa kwenye kichochoro cha Kibokoni. Ndani mlikuwa na mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini na kurudi jioni akiwa hana hamu ya maneno. Mkewe, Bi Rukia, aliyekuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Na binti yao Fatuma, mwari aliyekuwa akingoja kuposwa. Ulikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Sukari ilipatikana kwa cheti, mchele kwa cheti, na meli zilikuja zilipotaka au hazikuja kabisa.

Nana alikuwa akitengeneza marashi. Hakuwa peke yake mjini, lakini ya kwake yalijulikana. Arusi ikifanywa, maulidi yakisomwa, maiti akioshwa, watu walituma chupa kwake. Sufuria yake ilikuwa ya shaba, pana, nzito, imepigwa vibonyo na miaka. Chini aliweka jiwe safi, juu ya jiwe bakuli la kaure, na kuzunguka bakuli akatia maji na maua. Juu ya sufuria alikalisha beseni lenye maji baridi ya kisimani, kisha akaziba ukingo wote kwa unga uliokandwa ili mvuke usipate pa kutokea. Mvuke ulipanda, ukagota kwenye tako la beseni, ukapoa na kudondoka tone tone ndani ya bakuli. Yale matone ndiyo marashi. Mtoto akiyanusa kwa mara ya kwanza huona kama kadanganywa, kwa sababu ni maji meupe kabisa, hayana hata chembe ya ua.

Miaka yote Nana alitumia mawaridi makavu, yaliyoletwa kwa meli kutoka Uarabuni. Vita vikayakata. Mwaka ule ule tuliohamia kwake, yeye na Bi Rukia wakaamua kutumia vya nyumbani: rihani nyingi kutoka uani, mkadi, asumini kidogo, na konzi ya waridi zilizobakia katika mkebe. Na mwaka ule ule sufuria ikaanza kufura. Povu lilipanda ndani kwa ndani, likavuka ukingo wa bakuli na kumwagikia mle yalimokuwa marashi. Walipobandua unga na kuinua beseni, walikuta maji ya kijani yenye kunuka mchicha. Nana alirudia mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu Bi Rukia alinitazama mimi.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeona paa linavuja na anataka fundi aitwe. Alisema sufuria hii imepika tangu zama za bibi yake Nana haijapata kufura, na kitu kimoja tu kimebadilika nyumbani, nacho ni mwana huyu. Alisema nina kisirani. Nilizaliwa Mama akiwa katika ugomvi, nikaachisha ndoa, na sasa nimeifikia sufuria. Nilimwangalia Mama nikangoja amjibu. Mama aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua asumini. Mwanamke aliyeachwa, anayekula kwa kaka yake, hakuwa na sauti, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali kwamba hana.

Nataka mnielewe. Sikulia. Watu wakisimulia mambo ya namna hii hupenda mtoto alie pembeni. Mimi nilikasirika tu, na nikakaa na hasira yangu kama mwenzangu.

Tangu siku ile, kila sufuria ilipobandikwa mimi nilitolewa nje. Niliambiwa nikakae baraza ya jirani. Sufuria ikafura hata mimi nikiwa sipo, na nilifurahi sana, nikarudi mbio kuwaambia kwamba sasa wamejionea. Bi Rukia akasema nimeondoka mwili lakini jicho nimeliacha nyumbani. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa kungoja tu sitashinda kesi ile.

Kwa kuwa nimefukuzwa, nikaona sina sababu ya kukaa baraza ya jirani kama kuku aliyefungwa. Nikawa natoroka mpaka Makadara, kwa mpika halua mmoja tuliyemwita Ami Salim, Mwarabu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Sukari ilikuwa adimu, kwa hiyo alipika kwa arusi za watu tu, na kila akipika watoto tulijipanga kumtazama. Shira ikichemka hupandisha povu jeupe lenye hasira. Ami Salim hakushtuka. Alichota samli kwa ncha ya kidole, akaidondoshea katikati, na povu lote likashuka chini. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nilimuuliza kwa nini. Alifurahi kuulizwa, maana watoto wengine walimuuliza habari za makombo tu. Akaniambia povu likikutana na mafuta hupasuka, lakini hiyo ni dawa ya haraka. Dawa hasa ni nafasi. Akanionyesha karai lake: shira ilifika nusu, haikuzidi. Akasema karai la kujaa pomoni ni la kuonyeshea watu, si la kupikia. Na moto uwe mdogo, na sikio liwe pale pale.

Sasa nitawaambia kosa langu, na ni langu, simsingizii mtu. Ami Salim alinipa dawa mbili, nikachukua ile iliyoingia mfukoni. Nafasi ingetaka nipunguze majani katika sufuria ya Nana, na hilo lilikuwa haliwezekani. Kabla ya sufuria kuzibwa, wanawake wa mtaa walikuja kutia baraka, maana yake kuchungulia. Sufuria ya marashi isiyojaa ilikuwa aibu. Wangetoka wakisema nyumba ile imekwisha, siku hizi wanapika kwa kubana. Ndiyo maana Bi Rukia aliyatwanga majani kwanza ili yaingie mengi, halafu akayashindilia kwa kiganja mpaka ukingoni, hivi kwamba bakuli lilikaribia kuzama. Samli, kwa upande mwingine, iliweza kufichwa kwenye jani la mgomba.

Basi siku ya kupokea posa ya Fatuma, asubuhi, nilipenya jikoni kabla sijafukuzwa, nikatumbukiza kipande cha samli chini ya majani. Hakikuwa kipande kidogo. Niliona kama kidole kimoja kinatosha karai la Ami Salim, basi ngumi moja itatosha zaidi.

Povu halikupanda, wallahi halikupanda. Marashi yalitoka meupe, na Bi Rukia kwa furaha akayatia katika mrashi bila kuyanusa vizuri, kwa kuwa pua yake ilikuwa imeshazoea jikoni siku nzima. Alasiri wazee wakaja, wakaketi ukumbini, na mjomba akapita akiwarashia mikononi. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Mzee mmoja akajipaka usoni, akanusa viganja vyake, akavinusa tena, kisha akamwambia mwenzake kwa upole kwamba inaelekea leo pilau imetangulia. Posa ilikubaliwa hata hivyo, lakini Bi Rukia alikuwa amekufa mara saba nyuma ya pazia lile.

Niliungama mwenyewe. Niliwaambia nimetia samli na niliwaambia kwa nini. Niliwaambia pia, mara mbili, kwamba sufuria haikufura. Hilo la pili hapana aliyelisikia. Bi Rukia alizungumza na mjomba chumbani, na mjomba alipotoka alisema amechoka na mambo ya wanawake, na mtoto ni wa baba yake. Akapeleka habari Vanga. Alhamisi kabla ya arusi angekuja binamu wa baba kunichukua, tuvuke Feri na kushika njia ya pwani ya kusini. Huko kulikuwa na mke wa baba niliyemwona mara moja tu, na mara moja ile aliniuliza nitarudi kwetu lini.

Nilimtazama tena Mama. Safari hii alisema jambo, lakini kwa sauti ya chini. Alisema atanifungia nguo zangu.

Alhamisi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kupika marashi ya arusi. Bi Rukia alitaka niwe nimeondoka kabla ya sufuria kubandikwa, lakini mgeni wa Vanga alikuwa hajafika, na rihani ikichumwa haingoji. Nikawekwa nje barazani na furushi langu. Mama alilifunga kwa leso yake na kulileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaliweka miguuni pangu bila kunitazama. Lilikuwa zito. Nilijiuliza magauni mawili yamewezaje kuwa na uzito ule, kisha nikalikalia.

Kutoka pale nilisikia kila kitu. Nilisikia kinu kikitwanga rihani na harufu yake ikaja mpaka kichochoroni, tamu, kali, ya kuchoma. Nilisikia wanawake wa mtaa wakiingia mlango wa nyuma na kupiga vigelegele. Nilisikia Bi Rukia akiwaambia waje waone, waone ilivyojaa. Nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba sufuria ile itafura. Itafura nikiwa njiani kwenda Vanga, na watasema kisirani changu kimerudi nyuma kuwafuata. Nitabaki kuwa mwana aliyeharibu marashi ya arusi maisha yangu yote, tena bila kuwepo.

Nikasimama. Nikaliacha furushi barazani, nikaingia ndani, nikapita ukumbi, nikatoka uani. Wanawake wapatao kumi waligeuka. Nikaketi kwenye kibao cha mbuzi karibu kabisa na mafiga, nikayashika magoti yangu.

"Siondoki," nilisema. "Ipikeni mbele yangu. Iwe nusu, na majani yasitwangwe. Ikifura nitakwenda Vanga kwa miguu yangu, na nyote mutakuwa mumesema kweli."

Bi Rukia alicheka kwanza, kisha akakoma kucheka. Akamgeukia Nana. Nana alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akikanda ule unga wa kuzibia. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku zile yalikuwa yamepungua zaidi. Alikanda, akakanda, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mwacheni aketi," alisema. "Hiyo sufuria ni yangu."

Lakini hapana aliyesogea kupunguza majani. Kuniacha niketi lilikuwa jambo moja. Kupunguza sufuria ya bibi arusi mbele ya macho ya mtaa mzima lilikuwa jingine. Walisimama wote wakiitazama sufuria iliyojaa pomoni. Mimi sikuwa na urefu wa kuifikia.

Ndipo Mama alipoinuka. Alikunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, akainama juu ya sufuria, akachota majani yaliyotwangwa kwa mikono miwili na kuyatupa kwenye ungo. Akachota tena. Maji ya kijani yalimchuruzika mpaka kifuani. Aliyatoa yote, akasuuza sufuria, akaanza upya kwa matawi mazima ya rihani yaliyobaki kwenye kikapu, na alipofika nusu akasimamia hapo. Bi Rukia alimshika bega.

"Watu watatuona tumeishiwa," alisema.

"Nawaone," alisema Mama.

Sijapata kusikia neno fupi lililochukua nafasi kubwa vile. Wifi yake aliuondoa mkono. Nana akaleta unga, wakaziba, wakamwaga maji baridi kwenye beseni, na moto ukawashwa chini ya amri yangu. Ndiyo, yangu. Nilisema kuni mbili, zikawa mbili.

Kisha nikaomba kimya. Desturi ilikuwa wanawake waimbe wakati sufuria iko motoni, waimbe na kupiga makofi mpaka mwisho, ndiyo furaha ya kazi yenyewe. Lakini sufuria imezibwa, huwezi kuona ndani. Lililobaki ni sikio, na makofi huliziba. Walinitazama kama niliyeomba arusi isiwepo. Mmoja akaanza kunong'ona na Nana akainua kidole. Ua ukatulia mpaka tukasikia kunguru wakitembea juu ya makuti ya banda la jiko.

Sufuria ilianza kuimba. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza mwanzo, kisha ikawa ya duara, ya kububujika sawasawa. Niliweka sikio karibu na shaba mpaka shavu likaniungua. Baada ya muda sauti ikaanza kufifia, kama mtu anayeondoka huku bado anaongea. Nikavuta ukuni mmoja nje. Sauti ikarudi. Ikafifia tena, nikavuta wa pili, nikatawanya makaa kwa kijiti, ikarudi tena. Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na kila sauti ilipofifia nilimwona akinyoosha shingo. Sitasema alitaka ifure. Alikuwa na binti wa kuozwa na marashi ni ya binti yake. Lakini alikuwa ameshasema mengi mno, na ni vigumu kuombea kheri jambo litakalokuonyesha mjinga.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka msikitini, Nana alibandua unga kwa kisu na Mama akainua beseni. Bakuli lilikuwa na maji meupe, hayakujaa, yalifika kiasi cha robo tatu. Nana alichovya kidole, akajipaka nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha akalipitisha bakuli kwa kila mwanamke anuse, mmoja mmoja, na mwisho akamfikia Bi Rukia. Bi Rukia alinusa muda mrefu kuliko wote.

"Leo kisirani chake kimelala," alisema.

"Basi kitalala papa hapa," nilisema, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Mgeni wa Vanga alifika baada ya swala. Nana alimkaribisha kahawa na halua, akamrashia marashi mapya mikononi kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia asante kwa taabu yake ila mtoto ana kazi. Mjomba aliporudi jioni aliambiwa jambo limekwisha, naye alifurahi sana kusikia jambo limekwisha. Yule bwana alivuka Feri peke yake.

Tangu hapo sufuria ikawa mkononi mwangu, na nimepika marashi miaka mingi kuliko Nana. Sikutia samli tena. Majani ya kufura nayaacha mazima, sufuria siizidishi nusu, moto nauweka mdogo, na rihani ikiwa changa sana naongeza kipande cha nta kiasi cha punje ya kunde, maana nta nayo hutuliza povu na harufu yake haitoki. Wanawake wakija kuchungulia huona sufuria nusu tupu. Wengine huguna. Nawaacha wagune. Bi Rukia mwenyewe aliishi mpaka uzee mkubwa, akatumia marashi yangu kila Ijumaa, na hakupata kusema alikosea. Nami sikupata kumuuliza, ila kila chupa yake niliijaza mpaka shingoni.

Lakini si hayo niliyotaka kuwaambia. Nilitaka kuwaambia habari za furushi.

Jioni ile nililitoa barazani, nikalifungua chumbani kwetu ili nirudishe vitu mahali pake. Magauni yangu mawili yalikuwemo, na sahani yangu ya bati. Mlikuwa pia na chanuo la Mama, na mswala wake, na ile leso mpya aliyokuwa hajapata kuivaa. Juu kabisa, penye kufikiwa upesi, palikunjwa buibui lake. Nilidhani alikuwa amenitilia vitu vile viwe ukumbusho wake huko ugenini. Nikamwambia asante, Mama, sasa vichukue. Akavichukua kimoja kimoja, akalitundika buibui msumarini, akaniuliza kama shavu bado linauma.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikazaa, na siku moja nilikuwa nikimfungia binti yangu nguo za safari ya kwenda kwa shangazi yake, mikono yangu ikasita katikati ya fundo. Mama alikuwa na buibui moja tu. Hapana mtu anayempa mtoto wa miaka kumi buibui lake la pekee liwe ukumbusho. Muda wote huo nilikuwa nikijisifu kwa watu jinsi nilivyoinuka peke yangu siku ile na kuwakabili watu wazima, na kumbe kabla sijafungua mdomo, kabla rihani haijachumwa, yeye alikuwa amekwisha kufunga safari. Angekwenda wapi, mtalaka, katika mji wa mume aliyemwacha? Sijui, na nadhani na yeye hakujua. Alijua tu kwamba kwenye mlango ule hatatoka mtu mmoja.